Mkono Ukunjike Kabla Haujakatika

Mwenye pikapu anaponijia hapa Githongo kutaka mkono mpya wa gurudumu la mbele, mara nyingi huwa ameshaniamulia chuma. Anataka chuma cha springi. Wengine huja nacho kabisa, kipande cha bamba kilichotolewa kwenye lori kuukuu, kimeviringishiwa gunia na kuwekwa nyuma ya kiti. "Fundi, hiki hakijui kuvunjika," huniambia. Mimi humrudishia springi yake kabla hatujataja bei. Katika kazi hii hakuna jambo ninaloliamini kuliko hili: mkono wa gari haupaswi kuwa mgumu. Unapaswa kukunjika.

Si rahisi kumshawishi mtu wa huku Imenti kwa neno hilo. Springi kuukuu ndiyo chuma kinachoheshimika kuliko vyote katika soko letu. Ndiyo inayofuliwa panga, tindo na shoka, na panga la springi huhimili kazi ya shambani kwa muda mrefu kabla ya kurudishwa kwenye tupa. Mkulima anayenibishia ana ushahidi wake nyumbani, umechomekwa kwenye paa la jikoni. Tena ana hoja. Bamba lile limebeba mawe ya ujenzi miaka mingi chini ya lori bila kulalamika, sasa litashindwaje kushika gurudumu moja la Hilux?

Mkono ninaouzungumzia ndio unaolishika gurudumu la mbele kwenye chasisi. Upande wa ndani umefungwa kwa bolti zinazopita katika bushi za raba. Upande wa nje una boljointi, ambayo huliruhusu gurudumu kupanda na kushuka na papo hapo kukata kona. Pikapu nyingi za leo zina mikono miwili kila upande, ule ambao vijana gerejini huuita apa na ule wanaouita loa. Hilux za zamani za ekseli nzima hazikuwa nayo kabisa. Zilikaa juu ya springi mbele na nyuma kama lori, na wazee wa hapa bado huzisifu kwa hilo. Datsun 1200 ilikuwa na mkono mmoja mwembamba chini na fimbo ya kuuzuia usisukumwe nyuma. Mfumo wa mikono miwili, mfupi juu na mrefu chini, uliingia kwa nguvu katika magari ya Marekani mwaka 1934, pale Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors, alipopigania magurudumu ya mbele yaachiliwe kila moja lipande peke yake.

Kwetu mikono hiyo haipumziki. Mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya imelikata eneo hili kuwa migongo na mabonde, kwa hiyo ukitoka Githongo kwenda upande wowote utashuka hadi darajani na kupanda tena, na baada ya mgongo mmoja kuna mwingine. Mvua za Oktoba hadi Desemba huku upande wa mashariki wa mlima ni nzito, na udongo mwekundu huficha jiwe chini ya tope. Pikapu zinazopita humo zimebeba ndizi, maziwa, mbao na watu. Dereva anaposhuka kuelekea darajani na kukanyaga breki, tairi hutaka kubaki nyuma huku gari likisonga mbele. Mkono wa chini huvutwa nyuma, na wa juu husukumwa mbele. Nguvu inayopita chini ni kubwa kuliko ya juu, kwa sababu mkono wa chini uko karibu zaidi na barabara. Kisha kuna shimo. Kwa kitambo kifupi sana breki, uzito wa ndizi na kishindo cha shimo vyote hukutana katika chuma kisichozidi urefu wa mkono wa mtoto.

Nilijifunza kuchomelea katika chuo cha ufundi cha kijiji. Vyuo hivyo vilichipuka mwishoni mwa miaka ya sitini, baada ya baraza la makanisa nchini kutoa ripoti mwaka 1966 iliyouliza mtoto akimaliza shule ya msingi aende wapi. Nilipofika mimi, madirisha yalikuwa yamekosa vioo na mashine ya kuchomelea ilikuwa moja kwa darasa zima, lakini tulikuwa na mwalimu. Alikuwa mzee aliyefanya kazi katika karakana za reli Nairobi, akastaafu na kurudi nyumbani. Alisema machache. Alipotaka tujue jambo alituwekea chuma mbele yetu.

Siku ya somo la springi alikata vipande viwili vya upana na unene uleule, kimoja cha bamba la springi na kingine cha chuma laini cha kawaida. Kila kimoja alikikata katikati na kukichomelea tena kwa rodi ya aina moja na umeme uleule. Vyote viwili tukaviacha vipoe. Akakifunga cha chuma laini kwenye jiliwa, akampa nyundo kubwa mwanafunzi mdogo kuliko sote. Chuma laini kilipigwa kikainama, kikapigwa tena kikalala, na mshono haukuachia hata mahali padogo. Kisha ikaja zamu ya kipande cha springi. Kilikatika kwa pigo la kwanza kama kipande cha chaki. Mshono wenyewe ulikuwa mzima. Chuma kilikuwa kimekatika kando yake, pale palipopata moto bila kuyeyuka, na uso uliobaki ulikuwa wa punje za kijivu zinazong'aa.

"Sasa niambieni," akasema mwalimu, "mke wako na watoto wakiwa garini, mtapanda juu ya kipi?"

Baadaye nilisoma sababu yake. Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6, wakati chuma laini tunachonunua kwa bamba na bomba kwa kawaida hakipiti sana asilimia 0.2. Rodi inapopita, chuma kilicho kando ya mshono hupata joto kali, kisha bamba zima lililo baridi hulinyonya joto hilo kwa ghafla. Chuma chenye kaboni nyingi kikipozwa hivyo hugeuka kigumu mno na kupoteza uwezo wote wa kunyumbulika. Kiwandani springi hukazwa kwa moto na kurudishiwa unyumbufu kwa joto lililopimwa. Anayeichomelea kibandani huivuruga kazi hiyo yote katika dakika chache. Yuko fundi anayeweza kuichomelea vizuri, akiipasha moto kwanza na kuipoza polepole ndani ya majivu au chokaa, na nimewahi kuona kazi nzuri ya namna hiyo kwenye majembe ya trekta. Lakini jembe likikatika hubaki shambani.

Somo lile lilikaa kwangu kama elimu ya mtihani mpaka nilipokuwa na kibanda changu mwenyewe. Wakati huo pikapu moja ililetwa sokoni ikivutwa na lori, gurudumu la kushoto limelala kando chini ya tope. Ilikuwa ikishuka na ndizi kuelekea mtoni. Mkono wa chini ulikatika, gurudumu likageukia nje, na gari likaacha barabara. Dereva alitoka na mkono wake mwenyewe umefungwa kwa kanga. Turnboi wake alikuwa ameruka. Ndizi ziliokotwa na watu wa kijiji kile na, kwa sifa yao, nyingi zilirudishwa.

Tulipoutoa mkono ule niliuweka juani. Ulikuwa wa bamba la springi, umeunganishwa mahali pawili, umepigwa rangi nyeusi nzuri. Uso wa mahali ulipokatika ulikuwa na sehemu mbili. Theluthi moja hivi ilikuwa na kutu ya zamani, na iliyobaki iling'aa. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwapo kabla ya siku ile. Ulianzia kando ya mshono, maji yakauingia, ukasogea kidogo kila shimo, hadi chuma kilichobaki kikashindwa chote kwa mara moja. Nilimuuliza dereva kama gari lilimwashiria chochote. Je, lilivuta upande? Tairi lililika ndani? Usukani ulitetemeka?

"Hapana, fundi. Lilikuwa zuri kabisa. Asubuhi ile lilikuwa zuri."

Jibu hilo limenikaa kuliko sura ya gari lenyewe. Nilifikiria kwa muda mrefu kwamba kazi ya fundi ni kutengeneza kitu kisichoharibika. Kwa dereva yule nilielewa kwamba hakuna kitu kama hicho katika barabara hizi. Mzigo utazidishwa, dereva atachelewa, kalvati itabomoka usiku. Mkono wa chuma laini uliochomelewa vizuri ukikutana na mambo hayo hukunjika kwanza. Ukikunjika, gurudumu hukaa vibaya, usukani huvuta, tairi hulika upande mmoja, na hata mtu asiyejua ufundi huona kuna jambo. Mwenye gari hupata wiki, au hata kilomita chache tu, za kuamua kusimama. Mkono mgumu haumpi muda wowote. Tangu hapo nikipima chuma sijiulizi tu kitabeba kiasi gani, najiuliza kitasema nini siku kitakaposhindwa.

Kazi ya mikono ilikuja kwa sababu mbili. Moja ni magari yaliyozeeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu litengenezwe, lakini lililokwisha kuingia huendelea kuishi huku milimani hadi wajukuu walirithi. Kwa Datsun, au Isuzu ya kizazi cha zamani, spea halisi haipatikani kirahisi. Utaenda Kirinyaga Road Nairobi, mtaa ambao wazee bado wanauita Grogan, na kuna siku utapata mkono uliotolewa kwenye gari la Japani ukiwa mzuri kuliko wowote ninaoweza kuutengeneza. Ukiupata nunua. Huwaambia wateja hivyo waziwazi. Lakini kuna siku utauziwa wa bandia uliopakiwa kwenye boksi la kupendeza, ambao bamba lake ni jembamba kiasi cha kukunjika ukiwa bado haujabebeshwa chochote. Kukunjika kwa namna hiyo siko ninakokusifu hapa.

Sababu ya pili ni vijana wanaotaka pikapu iinuke. Hilux zilizoanza kutoka mwaka 2004 zina springi ya kujiviringisha mbele, iliyokalia mkono wa chini. Ukiinua gari kwa kubadilisha springi hiyo, mikono yote miwili huinamia chini zaidi, boljointi ya juu hukaribia mwisho wa uwezo wake wa kupinda, na mwinamo wa kurudi nyuma unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe hupungua. Usukani huwa mwepesi wa kutangatanga kwenye lami. Dawa yake ni mkono wa juu uliotengenezwa upya, boljointi ikasogezwa milimita chache nyuma na kupewa pembe inayoendana na urefu mpya. Huo ndio mkono ninaokubali kuubuni. Wa chini, wenye kukaliwa na springi na uzito wote, siubuni kwa gari la mtu. Naweza kurekebisha makalio ya bushi yaliyolika, naweza kuongeza bamba mahali palipoanza kuchoka, ila umbo lake ni la kiwandani na litabaki hivyo.

Anayefikiri ufundi wa mkono uko katika kuchomelea hajautengeneza. Uko katika matundu. Mkono wa juu ni vituo vitatu angani: bushi ya mbele, bushi ya nyuma na boljointi. Chuma kilicho katikati ni cha kuvishikanisha vituo hivyo tu. Kikipindishwa kwa sababu nzuri hakuna ubaya, lakini kituo kikihama milimita tatu gari halitanyooka kamwe, hata ulipeleke kwa wapima magurudumu wote wa Meru mjini. Kwa hiyo kazi huanza na jigi. Nalaza bamba nene lisilopindika, nauchukua mkono mzima wa gari lilelile, nachomeka pini za kipimo katika matundu yake yote matatu na kuzichomelea pini hizo kwenye bamba. Napima pia kwa mshazari, pini hadi pini. Mkono wa upande ulioumia hautumiwi kama mfano. Wa upande wa pili ndio hutumiwa, na jigi hugeuzwa, maana kushoto na kulia hutazamana.

Chuma chenyewe ni bomba zito lisilo na mshono, la milimita 33 nje na ukuta wa milimita nne na nusu hivi. Bomba la maji lililopakwa zinki silitaki kibandani. Zinki huharibu mshono, na moshi wake humlaza fundi kwa homa usiku. Makalio ya bushi na boljointi hukerezwa Meru mjini, kwa mkerezaji ambaye huvumilia maswali yangu, kwa sababu boljointi inayoingia kwa kusukumwa haitaki nafasi hata ya unywele. Kisha ndipo rodi inaposhika kazi. Natumia 7018. Tarakimu mbili za kwanza zinasema nguvu ya mshono, paundi 70,000 kwa inchi ya mraba, lakini ninaichagua kwa sababu nyingine: mshono wake hunyumbulika vizuri. Tatizo lake ni unyevu. Rodi hii ikivuta ukungu wetu wa Julai huingiza haidrojeni ndani ya chuma, na ufa unaweza kutokea siku moja au mbili baada ya fundi kuridhika na kazi yake. Rodi zangu hukaa katika chombo kilichofungwa kabisa, na zikipata unyevu hazirudi tena kwenye mikono. Huenda zikachomelea geti.

Kuchomelea nako kuna adabu yake. Chuma kinapopoa huvuta. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya kuanza mwingine, utautoa mkono kwenye jigi na pini zitakataa kurudi. Kwa hiyo nachoma kidogo huku, kidogo kule, nasubiri, naendelea. Na haumwagiwi maji. Vijana wanapenda sauti ile ya chuma cha moto kinapotiwa majini, na mteja anayengoja huifurahia kwa kuwa rangi itapakwa mapema, lakini nimemfukuza mteja kibandani kwa kuleta ndoo. Mkono hupoa kwa hewa, ndani ya jigi, hata kama ni mpaka kesho.

Boljointi huingizwa mwisho, chuma kikiwa baridi. Nimeona magari ambayo boljointi iliyolegea imechomelewa kando ili isitoke. Moto ule huunguza grisi na kikalio cha plastiki ndani, na huharibu ukazo wa kile kirungu cha duara. Mwenye gari hufurahi kwa sababu kugonga kumekoma. Na bushi, hizi ambazo hakuna anayezifikiria, hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake chini, likiwa na uzito wake wa kawaida. Raba imegandishwa kwenye vyuma vyote viwili, cha ndani na cha nje. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia, ukilishusha raba hujisokota, na itakaa imejisokota usiku na mchana hadi ichanike. Watu husema bushi za siku hizi ni feki. Zipo za feki, lakini nyingi nilizozitoa zilikuwa zimekazwa hewani tu.

Hata katika mbio, gari huhitaji kudumu kwanza. Miaka mingi njia za mbio za magari za Safari Rally zilipitia Embu na Meru, na baba zetu walisimama kando ya barabara kumwona Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Nilikua nikisikia kwamba alishinda kwa kasi. Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na nadhani hapo ndipo palipo na maelezo zaidi, kwa sababu katika mbio za maelfu ya kilomita za udongo hushinda gari linalofika. Naikumbuka pia ile Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, na mwaka 1990 likazinduliwa Kasarani. Yalikuwa magari matano ya mfano. Huwa sipendi anayeyacheka. Kutengeneza kitu cha kwanza kunataka werevu na moyo, na walioyatengeneza walikuwa navyo vyote. Kutengeneza cha mia kinachofanana na cha kwanza kunataka jigi, vipimo, na mtu wa kulipia yote hayo kwa miaka. Sisi wa jua kali tumekwama palepale. Kila fundi hapa anaweza kukutengenezea mkono mmoja. Muulize akutengenezee mwingine uleule baada ya mwaka.

Chuma kizuri nacho hakipatikani siku zote. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Waliokuwa wakiishi kwa kukusanya chakavu waliumia sana, na sikufurahia. Lakini kwa mikono ya magari ilikuwa nafuu. Kipande kilichookotwa hakina historia. Hujui kama ni springi, reli au shafti, na grainda hukupa fununu tu kwa cheche zake: chenye kaboni nyingi hupasuka vinyota vingi, laini hutoa mistari mirefu. Kwa geti fununu inatosha. Kwa mkono nataka bamba na bomba jipya kutoka dukani, na gharama yake namwonyesha mteja kwenye risiti.

Bila shaka wapo wateja wanaoondoka. Kijana mmoja wa miraa alinijia na Hilux iliyotunzwa vizuri. Kabla ya Uingereza kupiga miraa marufuku Juni 2014 alikuwa akikimbiza mzigo kutoka Igembe hadi Nairobi uwahi ndege, na sasa alikuwa akibeba chochote kinacholipa.

"Mzee, nataka iinuke inchi nne, mikono yote minne uifanye upya."

"Kijana wangu, inchi mbili. Na ya juu tu."

"Kuna fundi amekubali nne."

"Basi yeye anajua asichojua mzee wako. Lakini umuulize jambo moja. Umuulize mkono wake ukishindwa utashindwaje."

Alicheka, akaaga kwa heshima, akaenda. Sijui alifanya nini. Sikumchukia, na sidhani nilipoteza mteja kwa kumwambia ukweli. Nilichojifunza kwa watu kama yeye ni kwamba "hapana" ya fundi lazima iwe na maelezo. Ukimkatalia mtu bila kumwonyesha sababu atadhani hujui kazi, na atakwenda kwa anayejua kusema ndiyo. Ndiyo maana natunza kwenye rafu vipande vilivyokatika na vilivyokunjika, na mteja huvishika mwenyewe.

Kila mkono unaotoka kwangu una namba iliyogongwa kwa patasi ya herufi karibu na bushi ya nyuma, na namba hiyo imeandikwa kwenye daftari pamoja na gari, chuma, na tarehe. Kuna mafundi wanaonishangaa. Wanasema nimejitengenezea ushahidi wa kunishtaki. Ni kweli. Pikapu za biashara hupelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi wa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, na mkaguzi hutikisa gurudumu kutafuta boljointi iliyolegea, lakini ufa ulio ndani ya chuma hautikisiki, na hakuna anayeniuliza mkono huu niliutengeneza kwa chuma gani. Kama hakuna wa kuniuliza, basi namba ile ndiyo itakayoniuliza. Mkono ukirudi umekunjika, daftari hunieleza ulikuwa bomba gani na rodi gani, na kinachofuata hurekebishwa. Imerudi kadhaa. Mmoja ulikuwa wa mtu wa Isiolo aliyegonga ukingo wa kalvati usiku. Aliona tairi linasugua bodi, akasimama, akanipigia simu. Nilimtengenezea mwingine kwa bei ya chuma.

Mwanafunzi wangu wa sasa ni binti aliyefaulu mtihani wa serikali wa uchomeleaji, daraja la tatu, na anajitayarisha kwa la pili. Mshono wake ni safi kuliko wangu. Yeye ndiye aliyefufua jambo la mwalimu wangu wa reli, lile la mafuta ya taa na chaki. Unausafisha mkono mpaka chuma kionekane, unaupaka mafuta ya taa na kuuacha yazame, unaufuta ukauke kabisa, kisha unaupaka chaki iliyokorogwa na spiriti. Kama kuna ufa, mafuta hutoka humo polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Karakana za reli zilitumia njia ya namna hiyo kukagua ekseli kabla ya vifaa vya kisasa, na haihitaji umeme wala mashine. Jumamosi anapima mikono ya yeyote anayeileta, iwe ya kwetu au ya fundi mwingine, bila malipo. Mwanzo walikuja wenye magari. Siku hizi huja mafundi wenyewe, kutoka Kariene, Gatimbi, hata Nkubu.

Mwezi uliopita mmoja wao, mtu mzima aliyenizidi umri, alileta mkono wa chini aliokuwa ameurekebisha mwenyewe na ambao mwenye gari alikuwa akiungoja sokoni. Binti aliupaka, tukasubiri. Mstari ukatokea, mwembamba, kando ya mshono. Mzee akasema ni uchafu. Binti akasema, "Sawa, baba, tuusafishe upya," akaufuta, akarudia kila hatua bila haraka. Mstari ukatokea palepale. Mzee aliutazama, akaniomba grainda, na akaukata mkono ule vipande viwili yeye mwenyewe. Kisha akaniuliza kama nina bamba jipya la milimita sita la kumuuzia.